Maziwa ya Wisconsin

Swali la tatu lilikuwa na pointi nne: kwa nini wafugaji wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walimwaga maziwa barabarani mwaka 1933? Madame Kavugho alikuwa amelitunga mwenyewe, na jibu alilolitaka lilikuwa la mistari miwili. Mdororo wa uchumi uliangusha bei. Wafugaji wakamwaga maziwa yao ili yapungue sokoni na bei ipande. Mtu aliyekulia nyuma ya kaunta angelielewa bila kufundishwa, na Kavugho alikulia katika duka la baba yake huko Butembo, ambako sukari ilirudishwa stoo kila ilipozidi mjini.

Christa, binti Ndayambaje, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari kutoka malisho ya juu, upande wa Masisi, aliandika kwa Kifaransa kisicho na kosa: "Wenye ng'ombe hawakumwaga. Maziwa yalimwagwa na watu wa bariere."

Kavugho alimpa sifuri. Alipojumlisha, karatasi nzima ilifika arobaini na nane kwa mia. Kwa kanuni ya shule yao ya Kashebere, aliyekosa hamsini hakuandikwa katika orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa, na orodha ilikuwa iondoke kwa pikipiki siku hiyo, saa sita mchana. Christa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Vita vilikuwa vimekula miaka mitatu ya shule yake, na baba yake alikwisha kusema kwamba hatamlipia mwaka mwingine.

Saa mbili asubuhi Kavugho alimwita.

"Keti. Jibu hili ulilisoma wapi?"

"Sikulisoma, Madame. Lakini njo ukweli."

"Ukweli wa nani?"

Christa aliitazama karatasi yake, si mwalimu. "Madame, muntu mwenye iko na ngombe hawezi kumwanga maziwa. Yakizidi, unapatia jirani. Jirani akishiba, unapatia ndama, ao unafanya siagi. Kuyamwanga chini ni kutukana ngombe. Hata mutoto anajua."

"Wamarekani hawana mwiko huo."

"Basi wanafuga ngombe ya nini?"

Kavugho alitaka kucheka, akaona msichana hafanyi mzaha. "Na hao watu wa bariere?"

Christa alieleza kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mwezi wa nne baba yake alishuka na bidoni mbili za maziwa kwenye pikipiki. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, wenye silaha walitaka moja iwe yao. Alikataa, kwa kuwa maziwa yalikuwa yameagizwa kwa wagonjwa. Wakamwaga zote mbili.

"Baba alikata majani, akafunika pale penye yalimwangika," alisema. "Wao wanacheka. Yeye anafunika tu."

"Pole. Lakini hiyo ni barabara yetu, si ya Wisconsin."

"Ndiyo, Madame."

Alipobaki peke yake, Kavugho alifungua daftari lake la chuo. Juu ya swali la tatu lilikuwa na sentensi moja: walimwaga maziwa yao. Ndiyo aliyoifundisha kwa miaka kumi na moja. Hakuwa amewahi kuuliza ilitoka wapi, na jambo hilo lilimchosha zaidi ya karatasi arobaini alizosahihisha.

Alikwenda parokiani. Katika rafu ya mapadri kulikuwa na kitabu kinene cha Kifaransa kuhusu uchumi wa Marekani, jalada limeliwa na mchwa. Alisoma amesimama. Wapo wafugaji waliomwaga maziwa yao wenyewe. Lakini wengi wa waliogoma kuuza waliweka vizuizi barabarani, wakasimamisha magari ya wenzao walioendelea kuuza, wakamwaga ya hao. Serikali ilipeleka askari kufungua njia. Alinakili ukurasa ule, akarudi. Ilikuwa saa tano na nusu.

Prefe, mkuu wa shule, Papa Jean-Claude, alikuwa na orodha mezani na redio ikizungumza juu ya mkataba wa amani wa Washington. Aliipunguza sauti.

"Wanasaini, wanapeana mikono," alisema. "Bariere yetu iko palepale. Madame, unaleta nini?"

"Christa, pointi mbili kwa nne. Nani alimwaga: amepata sehemu. Kwa nini: hakujibu."

"Mbili! Nyinyi watu wa Butembo, hata pointi munauza rejareja." Alisoma ukurasa, akaukunja taratibu. "Na wale wenye waliandika kama ulivyofundisha?"

"Wanabaki na nne. Kosa ni langu, si lao."

"Kwa hiyo mwenye kukosea na wewe anapata nyingi kuliko mwenye kukosoa."

"Njo hivyo, Papa."

Prefe hakubishana. Aliandika jina la mwisho, akagonga muhuri.

Christa alikuwa akingoja kwenye ngazi. Kavugho alimwambia: hamsini kamili. Msichana alifumba macho kidogo, akashukuru.

"Bado sijamaliza," Kavugho alisema. "Ulikuwa sahihi nusu, na kitabu kipo, nitakuonyesha. Lakini atakayesahihisha mtihani wa taifa hatakuwa na kitabu hicho. Atakuwa na jibu moja tu. Swali hili likitoka, andika kwamba walimwaga maziwa yao wenyewe ili bei ipande."

"Yao wenyewe?"

"Yao wenyewe."

Pikipiki iliyobeba orodha iliwaka, ikateremka kuelekea daraja. Christa aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

"Madame, na bei ilipanda?"

"Hapana. Mgomo ulikwisha, bei ikabaki vilevile."

Christa alikung'uta vumbi kwenye sketi yake. "Nitaandika," alisema. "Lakini karatasi hiyo, baba asiione."