Mvinyo wa Miaka Thelathini

Yunis alikuwa amehudumia mvinyo katika loji moja ya Mikumi kwa miaka minne bila kumeza hata tone. Wageni walipoambiwa hivyo walicheka wakidhani ni utani wa baa. Haukuwa utani. Kwao ni Vidunda, juu mlimani, na sisi watu wa Vidunda tuliolelewa na Waanglikana wa zamani tunajua kwamba anayeonja pombe hukaa benchi la nyuma siku ya Meza ya Bwana, hata kama mama yake ndiye kiongozi wa kwaya. Mama yake Yunis, kwa bahati mbaya, ndiye kiongozi wa kwaya.

Basi alijifunza kwa pua. Mwalimu wake alikuwa Ulimboka, mtu wa kaunta, ambaye kanisa halikumsumbua kwa kuwa yeye naye hakulisumbua. Ulimboka alionja akaeleza, Yunis akanusa akakumbuka. Walichokipenda zaidi wote wawili ni mvinyo mweupe wa nchi za baridi. Huko, alisema Ulimboka, jua ni la kuazima, zabibu hukawia kuiva na uchachu wake hauishi haraka, ndiyo maana mnywaji hujaa mate kinywani kama aliyeuma embe bichi. Kuna ndimu, kuna tufaha la kijani, na nyuma kabisa kuna ladha ya jiwe la mtoni, lile ambalo kila mtoto wa mlimani amewahi kulilamba akidhani hakuna anayemwona. Yunis aliyabeba maneno hayo mezani na kuyasema kwa uhakika, na waliotoka huko huko kwenye baridi wakakubali kwa kichwa.

Alifundishwa pia mvinyo ulioharibika. Ukinuka siki, mwaga. Ukinuka tambara lililovundia ndooni, mwaga, kisha mpelekee mgeni chupa nyingine bila malipo. Meneja wao, Kelvin, alikuwa akimsifu mbele ya wenzake kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kuamua.

Masika yaliyopita alifika mama mmoja wa Kilosa, nesi mstaafu aliyeitwa Hildegarda, amevaa nguo nyeusi za msiba na kupakata mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa iliyofungwa kwa kitenge. Yunis alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, na kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kusimuliwa habari yote.

Mumewe Mama Hildegarda aliitwa Lukasi, mtu wa Malolo, daktari wa wanyama aliyefanya kazi hifadhini Mikumi mpaka akastaafu. Ujanani walisoma wote Ujerumani, katika mji ulio kando ya mto Mosel, na likizo walikwenda kuvuna zabibu kwenye mashamba yaliyoinuka kiasi kwamba mvunaji hujishikilia kwa mkono mmoja. Mwaka walipooana, mwenye shamba aliwapa chupa ya Riesling, mvinyo mweupe wa huko, ya mavuno yale, akawaomba wasiifungue upesi. Huko kwao mvinyo huo huachiwa utamu kidogo ili upambane na uchachu. Lukasi akasema utamu ule hauna maisha, ukifikisha miaka thelathini utakuwa umezama na kubaki uchachu na jiwe. Mkewe akasema utamu wa kweli hauendi popote.

Waliubishania huo utamu maisha yao yote. Ulikuwa ugomvi wa raha, ule ambao watu walioshibana huufuga nyumbani. Kilosa na joto lake lile, chupa ililala kwenye friji, na umeme ulipokatika Lukasi aliamka kuifunika magunia yaliyoloa maji. Walipatana kuifungua Mikumi siku ndoa itakapotimiza miaka thelathini, wanywe, waamue. Lukasi akafariki ikiwa imebaki chini ya mwaka mmoja.

"Nimekuja kuamua peke yangu," alisema Mama Hildegarda. "Hili ndilo neno letu la mwisho mimi na yeye."

Akamwomba Yunis aipoze kidogo na kuifungua taratibu, maana kizibo kimezeeka. Kisha akaenda kukaa barazani kuwatazama pundamilia.

Yunis aliifungulia jikoni. Kizibo kilikatika katikati, akakitoa nusu nusu kwa subira, akainamisha pua. Mafuta ya taa. Alirudi nyuma, akafuta mdomo wa chupa, akanusa tena. Mafuta ya taa yale yale, ya dukani, ya kibatari.

Hapo lazima niseme jambo la mlimani kwetu, asije mtu akamwona Yunis mjinga. Kabla ya sola, mafuta ya taa tulikuwa tukiyanunua Kidodi na kuyapandisha mlimani kwenye chupa za soda. Mdogo wake Yunis, Joyce, aliikuta chupa ya namna hiyo chini ya kitanda akadhani ni soda kweli, akanywa. Walimteremsha mgongoni kuelekea hospitali na hawakumfikisha akiwa hai. Tangu hapo, upande wetu wa mlima, chochote chenye harufu ile hakijadiliwi. Uji humwagwa, unga humwagwa, na chupa huoshwa kwa sabuni hadi harufu iishe. Wala hatuulizani ni kidogo au kingi.

Hata hivyo Yunis alijaribu kuuliza. Alimpigia Ulimboka, lakini Ulimboka alikuwa Kilosa kwenye mazishi, mto Mkondoa umefurika na mtandao umekatika. Kelvin alikuwa njiani kutoka Morogoro, simu imezimwa. Akabaki na pua yake. Akawaza kwamba katika miaka yote ile, ndani ya nyumba ya mama yule, huenda chupa ililazwa karibu na dumu la mafuta na kizibo kikapitisha. Akawaza kwamba akimwambia yule mama, mama atasema ngoja nionje kidogo tu. Joyce naye alikunywa kidogo tu. Mikono ikatangulia. Aliumwaga wote kwenye sinki, akaisugua chupa kwa sabuni na maji ya moto, akaisuuza mara kadhaa.

Alipokwenda barazani alikuwa na chupa mpya ya Riesling ya loji, glasi safi, na ile chupa tupu, maana alijua mjane angependa kubaki nayo. Akaeleza kwa upole kwamba mvinyo uliharibika, ulinuka mafuta ya taa, ameumwaga usije ukamdhuru.

Mama Hildegarda akaitazama ile chupa tupu. "Wote?"

"Wote, mama."

Akaichukua chupa, akainusa. Ilinukia sabuni ya vyombo.

Hakupaza sauti. Alieleza polepole, kama nesi anayewaeleza ndugu wa mgonjwa, kwamba mvinyo wa Riesling ukitunzwa miaka mingi hutoa harufu ya mafuta ya taa. Siyo ubovu, ni uzee mwema. Yule mkulima aliwaambia tangu siku ile, na Lukasi alicheka akasema basi siku hiyo atanusa kibatari cha mama yake Malolo. Mvinyo wa loji ulikuwa mchanga siku zote, haukuwahi kufikia umri wa kunuka hivyo, na Ulimboka hakumfundisha asichokijua.

Yunis alipiga magoti pale sakafuni. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, halafu kwa Kividunda bila kujijua. Alitamani agombezwe, afukuzwe kazi, achapwe hata kofi. Hakupewa lolote la kumpunguzia.

"Inuka, mwanangu," alisema mama. "Niambie ulivyonukia. Usiache kitu."

Yunis akafumba macho akatafuta. Akasema mafuta ya taa kwanza, kwa nguvu. Chini yake ndimu, lakini si mbichi, ndimu iliyokaa juani ikakauka. Halafu jiwe lililoloa. Halafu, kwa mbali, asali.

Mama Hildegarda akasogea mbele kitini. "Asali? Basi ulikuwa bado mtamu?"

Neno moja lingetosha. Yunis aliliona limekaa ulimini, tayari. Lakini alijua, kwa kuwa Ulimboka alimwambia mara nyingi, kwamba mvinyo huweza kunukia asali na kinywani ukawa mkavu kabisa, kwamba utamu haunuswi. Akisema ndiyo, atakuwa amemshinda marehemu kwa uongo. Akisema hapana, ni uongo vilevile.

"Sijui, mama. Sikuuonja."

"Hata ncha ya ulimi?"

"Hata ncha ya ulimi."

Pundamilia walikuwa wamesogea karibu na maji. Mama Hildegarda akageuza chupa juu ya glasi, akangoja, pakadondoka tone la maji ya bomba. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka vizuri, na Yunis akajibu vilevile.