Sheria ya Gari la Mikate

Mama mwenye mtoto asiyelalamika husifiwa sana. Majirani humwambia, "Wewe una bahati, wako hata hasikiki," naye hujifanya anakataa huku moyoni anafurahi. Fundi cherehani mmoja alisifiwa hivyo kwa miaka tisa mpaka akazoea, na ilibaki kidogo sana sifa hizo zimtokee puani. Habari yake inaandikwa hapa ili mwenye mtoto wa namna hiyo aisome mpaka mwisho, kisha amwite mtoto wake amuulize hali.

Fundi alikuwa na watoto watatu. Binti mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, na simu ilikuwa kama kidole chake cha sita. Kitinda mimba, wa kiume, alikuwa na miaka mitano, wakamwita Spika kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kuzimika. Katikati yao alikuwapo binti wa miaka tisa, Jongoo. Jina hilo alilipata kwa baba yake akiwa bado mchanga, maana ukimgusa kidogo tu alijikunja duara. Akakua, na jina likabaki. Alilala amejikunja, alitazama televisheni amejikunja, hata vitabu alivisoma hivyo hivyo. Basi mtu akimkuta kajikunja pembeni hakujiuliza kitu.

Baba yao alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate. Gari moja la kiwanda lilipozeeka mwenye kiwanda akamwachia. Baba akang'oa rafu, akafunga mabenchi mawili na mikanda, likawa gari la familia. Lakini ile picha ya mkate ubavuni, kubwa kama kitanda, ilikataa kutoka kwa sabuni na kwa petroli. Wakisimama tu kwenye taa za barabarani, mtu anagonga kioo.

"Kaka, niachie miwili. Mmoja uwe wa kukata."

Baba alishachoka kueleza. Siku hizi alijibu tu, "Imekwisha, dada yangu. Wahi kesho."

Gari hilo lilikuwa na sheria yake. Mwaka uliotangulia walikuwa njiani kwenda kuona maporomoko ya maji milimani, mwendo wa saa tatu. Kabla ya nusu ya safari Spika alikuwa analia, binti mkubwa amenuna, na Jongoo akasema tumbo linamuuma. Baba alikuwa ametoka kwenye wiki ngumu kazini. Akafunga breki, akageuza gari palepale.

"Basi! Tunarudi. Na kuanzia leo, atakayelalamika humu ndani, gari linageuka."

Walirudi. Jongoo alitapika mara moja mlangoni, akanywa maji, jioni akawa anaruka kamba. Kumbe gari tu lilikuwa limemchafua tumbo. Baba na Mama wakasahau. Ile ilikuwa hasira ya siku moja, nani angeiweka kichwani? Watoto waliiweka. Mwaka mzima Jongoo akifungua mdomo kusema neno, dada yake anamwahi, "Haya, mwenyewe huyo, anataka kutugeuzia gari tena."

Mama alikuwa anayasikia maneno hayo. Aliyasikia kama unavyosikia friji linavyonguruma jikoni.

Mwaka huu, likizo ilipobakiza siku kumi na joto likaanza kulegea, Baba alipata ruhusa kazini. Kwa Mama huo ndio wakati mbaya kuliko yote, maana shule zikikaribia kufunguliwa, kila mzazi anakumbuka sare siku moja. Sketi za marinda zilikuwa zimepangwa mezani mpaka zimeziba dirisha. Lakini watoto walikuwa wamekaa ndani likizo nzima wakitazamana, na ahadi ilikuwa imetolewa. Wakapanga: Alhamisi kwa shangazi, Ijumaa bwawa la kuogelea, Jumapili maporomoko. Mama akawa anashona alfajiri na jioni, na akipanda garini anapanda na vipande vya uzi kwenye nguo kama amepigana na mto wa pamba.

Alhamisi, kwa dada yake Baba, mezani kulijaa. Jongoo alikula vijiko viwili, kisha Mama akaona nyama yake yote inahamia taratibu kwenye sahani ya Spika.

"Wifi," shangazi akasema, "huyu binti mbona kapauka hivi? Hali chakula?"

"Ni jua la njiani, wifi yangu. Huyu ndivyo alivyo, hana makuu."

"Jongoo, mama, unaumwa?"

Jongoo akamtazama dada yake, dada yake akainua macho kutoka kwenye simu. "Siumwi, shangazi. Nimeshiba."

Shangazi akaguna, akaanza kukusanya sahani. Mama akamsaidia kutoa vyombo, huku anawaza marinda.

Ijumaa, bwawani, Spika alipiga kelele tangu anavua viatu mpaka anavivaa. Binti mkubwa aliogelea na wenzake aliowakuta huko. Jongoo alikaa kwenye ukingo, miguu nje ya maji, magoti kayaleta kifuani.

"Huogelei?" Mama akauliza.

"Nalinda ndala zetu."

Mama akamwambia mumewe, na aliyasema kwa fahari, "Unamwona mtoto mwenye akili? Wengine wanacheza, yeye analinda mali."

"Huyo kanirithi mimi," Baba akasema.

Maneno hayo Mama alikuja kuyakumbuka neno kwa neno, na hata leo anayakumbuka.

Jumamosi mchana alimaliza sketi za watu, akabaki na ya nyumbani. Siku zote mwanawe ndiye anayekuwa wa mwisho. Sketi ya mtoto wa fundi hushonwa kwa kitambaa kilichobaki na kwa muda uliobaki. Akamwita Jongoo, akampandisha kwenye stuli.

Sasa, fundi huyu ana namna yake ya kazi. Mtoto akishavaa sare yenye pini, akishapimwa pindo, hamshushi. Anamwambia, "Ruka!" Mtoto anaruka chini, marinda yanafunguka na kurudi, na hapo fundi anaona kama kiuno kimeshika na kama pindo liko sawa pande zote. Hakuna mtoto asiyependa. Kuna wanaoomba kuruka mara tatu. Hata wale wanaoingia wanalia kwa kuogopa pini, hutoka wanacheka.

Akamfunga Jongoo kiuno. Utepe ukasema kimepungua kwa kidole kizima tangu wiki iliyopita. Mama akajisemea labda alipima vibaya. Akaweka pini, akarudi nyuma hatua mbili, mkono kiunoni.

"Haya, ruka!"

Jongoo hakuruka. Aliweka mkono juu ya cherehani, akashusha mguu wa kushoto, akatulia, akashusha na wa kulia, polepole, kama bibi kizee anayeshuka kwenye basi. Alipofika chini alibaki ameinama upande.

Mama alikuwa amekwisha kuona mamia ya watoto wakiruka kutoka kwenye stuli ile. Hajawahi kuona hata mmoja akishuka hivyo. Chaki ikamtoka mkononi.

"Njoo hapa. Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Jongoo. Mimi ni mama yako."

Mtoto akaangalia mlango. Nje, Baba alikuwa anaosha gari kwa ajili ya kesho, Spika anamwagia maji, na binti mkubwa anaimba. Jongoo akashusha sauti.

"Nikisema, gari litageuka?"

Kuna maswali mtoto anauliza na mzazi anatamani ardhi immeze. Mama alipiga magoti, akamwekea kiganja tumboni, chini, upande wa kulia, na kabla hajabonyeza mtoto akashika mkono wake kwa mikono yote miwili. Ngozi ilikuwa ya moto.

"Dereva!" Mama akaita. Walizoea kuitana kwa majina ya kazi zao, Dereva na Fundi, kwa utani. Safari hii haukuwa utani, na Baba alijua kwa sauti. Aliingia na sabuni mpaka viwikoni.

Hawakumvua hata sketi. Mama alichomoa pini huko huko njiani, moja moja, akizichomeka kwenye ukosi wa gauni lake mwenyewe huku anazihesabu ili asiache moja mwilini mwa mtoto. Spika aliuliza mara nne tunakwenda wapi. Kwenye taa za barabarani mtu akagonga kioo anataka mkate, na Baba, ambaye hajawahi kumkosea mteja adabu, hakugeuza hata shingo.

Hospitalini wakapokewa na muuguzi mnene mpole, akamlaza Jongoo kitandani. Daktari wa zamu alikuwa kijana, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu mzima. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Maumivu haya yameanza lini, binti?"

Jongoo alikuwa anamtazama baba yake tu. Daktari akauliza tena, naye akajibu, "Leo. Kidogo tu."

"Nahitaji kujua ukweli," daktari akawaambia wazazi. "Kama ni leo, ni jambo moja. Kama ni zaidi, ni jambo lingine kabisa."

Mama aliona kwamba hili halikuwa lake. Sheria ilitungwa na mwingine, na mwingine huyo alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, povu limemkaukia mikononi.

Baba akasogea. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Jongoo, akakifunga kwa kiganja chake.

"Shika. Huo ufunguo sasa ni wako. Gari haliendi popote, haligeuki popote, mpaka wewe useme. Haya mwambie daktari, mama yangu. Sema yote. Hakuna atakayekukasirikia. Mimi ndiye niliyekosea."

Jongoo akaangalia ufunguo. Halafu akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza katika siku zote hizo.

"Tangu kwa shangazi. Lilianza hapa kwenye kitovu. Bwawani likahamia huku. Nikijikunja linapungua. Nilitaka wafike kwenye maji. Mwaka jana hawakufika kwa sababu yangu."

Binti mkubwa alikuwa mlangoni. Simu ilikuwa mfukoni, kwa mara ya kwanza mwaka huo. Akageukia ukuta.

Kilikuwa kidole tumbo. Kipimo cha picha kilionyesha kimevimba, kiko tayari kupasuka. Daktari alieleza kwa utulivu, akachora hata mchoro mdogo nyuma ya karatasi. Kisha akauliza, akiwa anaandika, "Kesho mlikuwa na mpango gani?"

"Maporomoko," Baba akasema. "Milimani."

Daktari akaacha kuandika. "Saa tatu za barabara mbovu. Huko juu kuna hospitali?"

"Hakuna."

Daktari akatikisa kichwa, akaendelea kuandika.

Wakampeleka chumba cha upasuaji jua likiwa bado dirishani. Muuguzi akajaribu kuuchukua ule ufunguo, Jongoo akakataa, mpaka alipolala kwa dawa ndipo wakampa Mama auhifadhi. Mama akauchomeka ukosini katikati ya pini. Akakaa kwenye benchi. Simu ikaita, mteja wa sketi.

"Fundi, sare yangu tayari?"

"Iko tayari, dada. Mimi ndiye siko tayari. Nipigie Jumanne."

Baada ya saa moja na nusu daktari akatoka, kofia mkononi, akasema kimetoka kizima, hakijapasuka. Baba akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, mgongo ukutani.

"Nilisema neno moja tu, Fundi. Mwaka jana. Neno moja."

"Ulilisema wewe," Mama akasema, "na mimi nikaliacha likae nyumbani mwaka mzima bila kulifuta."

Jongoo alilazwa siku nne. Dada yake aliomba zamu ya mchana, akamletea vitabu, akamchana nywele. Siku ya pili alimwambia, "Sikiliza, ukiumwa hata ukucha, uniambie." Jongoo akajibu, "Ukucha hauumi," na dada mtu akamwambia, "Haya, umeanza." Hivyo ndivyo walivyoombana radhi, maana watoto wana njia zao.

Siku ya kurudi nyumbani walimlaza kwenye benchi la nyuma, mito chini, mito pembeni. Baba aliendesha kama amebeba mayai. Lakini barabara ya nyumbani ina matuta, na kwenye tuta la pili Mama alimwona binti yake akiuma mdomo. Alitaka kusema yeye. Akajizuia. Akamtazama tu, akangoja.

Tuta la tatu likaja.

"Baba," Jongoo akasema. "Haya matuta yananiuma."

Gari likasimama. Baba akawasha taa ya pembeni, akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akakata usukani mpaka mwisho na kugeuza gari, taratibu, kuelekea ile barabara ndefu ya lami inayozunguka soko, isiyo na tuta hata moja.

"Tumegeuza!" Spika akapiga kelele. "Jongoo katugeuzia gari tena!"

Binti mkubwa akamziba mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa. Huko nyuma kwenye mito, Jongoo alikuwa anacheka, mkono juu ya mshono.

"Usinichekeshe, wewe. Inauma," akasema kwa sauti kubwa, na gari zima likamsikia.