Herufi za Jarida la Magodoro

Kiwanda kilitengeneza magodoro, na jarida lake, jamani, lililaza watu kuliko magodoro yenyewe. Ukurasa wa kwanza picha ya meneja, wa pili meneja akikata utepe, wa tatu malengo ya robo mwaka. Nani asome hayo? Watu walilitumia kupangusia meza za kantini.

"Toleo moja tu zaidi," meneja alimwambia Mwandishi wa jarida hilo, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Nikilikuta tena kwenye pipa la taka, basi."

Mwandishi alirudi mezani kwake. Jarida lilimpa riziki, ni kweli, lakini pia marehemu mama yake, fundi cherehani wa kiwandani humo, alikuwa akilisoma lote mpaka nambari ya simu ya mwisho. Hakutaka life mikononi mwake.

Adhuhuri hiyo joto lilielea juu ya marundo ya sponji, na wafanyakazi walijilaza kwenye magodoro yenye kasoro, wengine wakitabasamu usingizini. Akajiuliza wako wapi saa hizi. Mfa maji haachi kutapatapa: akatundika sanduku mlangoni pa kantini, akaandika, "Umeota nini?"

Basi sanduku likajaa. Dereva aliota anaendesha lori juu ya mawingu, na huko nako akasimamishwa aonyeshe leseni. Mlinzi aliota amelala, akazinduka akihofia kufukuzwa. Mama wa stoo aliota mvua ya vifungo, akaikinga kwa aproni. Mwandishi alinakili yote bila kutia chumvi.

Chini kabisa palikuwa na kikaratasi kisicho na jina. Mwandiko aliujua: wa baba yake, mkata sponji, ambaye tangu mazishi hakuwahi kumtaja mkewe hata kwa bahati mbaya.

"Nimemwota mke wangu amesimama mlangoni na jarida la binti yetu. Analisogeza mbali, analisogeza karibu. Anasema herufi ni ndogo mno."

Mwandishi alilia, akapenga kamasi, akakuza herufi. Picha ya meneja ikakosa nafasi.

Ijumaa, mapipa ya kantini yalikuwa na maganda ya machungwa tu. Meneja alipita, akarudi, akatumbukiza kikaratasi chake sandukuni akidhani haonekani.

Nyumbani, baba alilifungua jarida mezani, akalisoma lote mpaka nambari ya simu ya mwisho. Akalikunja taratibu.

"Sasa mama yako anaona vizuri," alisema. Wakakaa wakimzungumzia mpaka chai ikapoa.