Kamera ya Teksi ya Baba

Jamani, wabishi wapo, lakini baba yake yule binti fundi wa kamera za magari alikuwa amepitiliza. Miaka thelathini na mbili kwenye teksi, na neno kustaafu hataki hata kulisikia. Mwezi uliopita alikwaruzana na pikipiki, lawama zote zikamwangukia yeye: macho yameisha, mzee apumzike. Wanawe wa kiume walishakata shauri kumnyang'anya funguo Jumapili.

"Nifungie hiyo kamera yako, mama," akamwambia bintiye pale gereji. "Kaka zako wajionee wenyewe nani mwenye makosa."

Binti akapitisha waya juu ya kioo cha mbele, akauficha nyuma ya plastiki ya mlangoni mpaka kwenye fyuzi. Moyoni alikuwa upande wa baba. Mzee ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi hata kabla hajajua kusoma.

Sasa, fundi huyu ana utaratibu wake: gari haliondoki mpaka mteja azunguke nalo kidogo, arudi, waitazame picha pamoja. Hata baba hakusamehewa.

"Zunguka sokoni urudi. Na usijifanye malaika kwa sababu unarekodiwa!"

Mzee akarudi anapiga mluzi. Fundi akachomeka kadi kwenye kompyuta, wakaketi bega kwa bega.

"Umeona nilivyompisha yule wa lori? Ehee! Utu uzima dawa!"

Kisha, penye kivuko cha waenda kwa miguu, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaruka nyuma, mkoba ukamdondoka. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Fundi akamgeukia baba. Mzee alikuwa bado anatabasamu. Hata kwenye picha hakumwona.

Kidole cha fundi kikasogea kwenye kitufe cha kufuta. Akifuta, nani atajua? Akairudisha picha nyuma, akaikuza mpaka ikajaa kioo chote cha kompyuta.

"Baba, tazama hapa."

Mzee akasogeza uso. Safari hii akawaona.

"Wamepona?"

"Wamepona, baba. Hukuwagusa."

"Haki ya Mungu sikuwaona, mwanangu."

Machozi yakamtoka. Binti akamkumbatia vilevile na mikono yake ya grisi, naye analia, maana alimpenda mno na hakuwa na la kumpunguzia uchungu.

Mzee akajifuta, akamtilia funguo kiganjani.

"Endesha wewe. Tupite sokoni kwanza, tumtafute yule mama nimwombe radhi."

Akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi.