Mchanga wa Kisima cha Saba

Sanduku la mchanga lilifika maabara Jumatatu asubuhi kutoka visima vya mafuta vya Alberta, magharibi mwa Kanada. Nkirote alisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, akaisoma tena. Kisima cha saba. Ndipo alipofia mumewe Kirimi, wiki tisa zilizopita, bomba la mvuke lilipopasuka naye yuko hatua nne tu kutoka pale.

Shahid, mwenzake wa miaka sita katika maabara hiyo ya Toronto, alikuja akasoma naye.

"Dada, hili niachie mimi."

"Nitafanya mwenyewe."

"Hakuna atakayekulaumu."

"Najua, Shahid. Nipe glavu."

Hakuwa anajikaza, kama walivyodhani watu wa kanisani. Ndani mwake mlikuwa kimya tu, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Mafuta ya kule ni mazito kama lami. Hushikamana na mchanga, nayo kampuni yenye visima huyapasha moto ardhini kwa mvuke mkali mpaka yalainike. Nkirote alikuwa akitafuta kemikali ya jamii ya sabuni ya kuchanganya na mvuke, ili mafuta yauachie mchanga kwa presha ndogo zaidi. Alishindilia mchanga ndani ya silinda ya chuma, akaiingiza kwenye tanuri, akaweka presha theluthi moja chini ya ile ya kisimani, akafungulia mvuke wenye kemikali.

Saa nane mchana tone la kwanza lilidondoka chupani, jeusi. Likafuata la pili. Kisha ukaja uzi mwembamba usiokatika.

"Imekubali!" Shahid alipiga makofi. "Nkirote, imekubali!"

Nkirote aliandika saa, akaandika joto. Aliwaza kwamba Kirimi angefurahi, na wazo lenyewe likampita kama habari za mtu asiyemjua.

Alirudia jaribio mara mbili wiki ile, majibu yakawa yale yale. Kwenye ripoti akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: kwamba kwa kemikali hii, mabomba ya kisima cha saba hayana sababu ya kubeba presha kubwa kama ile yaliyokuwa yakiibeba.

"Hiyo si kemia," mkuu wa maabara alimwambia. "Iondoe."

"Basi ondoa na jina langu."

Sentensi ikabaki.

Jioni hiyo, nyumbani mtaa wa Flemingdon Park, mama mkwe alipiga simu kutoka Meru.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama."

Makena, binti wa Nkirote mwenye miaka tisa, aliusikia uongo huo. Akamsogezea mama yake sahani ya wali. Nkirote alikula nusu.

Mwezi wa nne kampuni ilijibu: presha imeshushwa katika visima vyote vya eneo lile. Shahid aliisoma barua kwa sauti.

"Umeokoa watu, dada."

"Asante," alisema Nkirote.

Alikwenda msalani, akajifungia, akasimama akisubiri kilio. Hakikuja. Baada ya dakika kumi alinawa uso, akarudi kazini.