Mboji ya Kwenda Jeddah

Mimi sikuumbiwa kungoja. Nikiteleka githeri ya mahindi na maharagwe, nitafunua sufuria kila mara kuangalia kama imeiva, na mama alikuwa akinigombeza kwamba ndiyo maana haiivi. Kwa hiyo madam, mwajiri wangu, aliponipa kazi ya kutengeneza mboji, kazi ambayo nusu yake ni kukaa ukangoja, nilikubali kwa sababu moja tu: Maryann.

Maryann ni dada yangu mdogo. Tulikuja Saudia pamoja kufanya kazi za ndani. Mimi nikaangukia mtaa wa Al-Naseem hapa Riyadh, yeye akaangukia mtaa wa Al-Safa kule Jeddah, kwa mama yake madam, ambaye sote tunamwita Hajja. Watu husema tuna bahati, ndugu wawili kwa waajiri wa ukoo mmoja. Bahati gani? Tangu tuachane uwanja wa ndege hatujatiana machoni. Na sasa mkataba wake ulikuwa unaisha. Januari angerudi Kenya, na mimi nimeshatia sahihi ya miaka mingine miwili.

Hajja ana bustani ambayo mchanga wake wa chumvi umeua kila alichopanda. Madam alikuwa ameona sukumawiki niliyootesha nyuma ya jiko, akaniahidi kwamba nikimtengenezea mama yake udongo mzuri kabla ya Januari, nitaupeleka Jeddah mwenyewe na kukaa huko mwezi mzima nikimpandia. Nilimbusu mkono. Mimi, mtu wa Meru, nikambusu mtu mkono.

Mboji inataka majani makavu mengi. Ilikuwa Oktoba, tende zimeshavunwa, majirani wanapogoa mitende na kutupa nje makuti na vichala vilivyokwisha tende. Nikazoa. Nikafagia majani ya mkunazi wa jirani mpaka jirani akauliza kama nimeajiriwa na manispaa. Lakini makuti ni magumu, hayaozi upesi. Nilihitaji mabua ya ngano, yale wanayolisha kondoo. Laban, dereva wetu, Mluhya asiyeishiwa maneno, akaenda kuuliza bei kwenye soko la mifugo. Baba, mume wa madam, aliposikia bei hiyo alicheka. Akauliza ni mtu gani hununua chakula cha kondoo ili kioze.

Basi nikatumia nilivyokuwa navyo: makuti, maganda ya mboga, majani ya chai, makapi ya kahawa. Kila asubuhi niliingiza mkono katikati ya lundo. Baridi. Lundo lisilopata joto haliozi, na Novemba ilikuwa inayoyoma.

Kwenye lango letu, kama kwenye malango mengi hapa, huning'inia mfuko wa mikate iliyobaki. Mkate hautupwi pamoja na takataka. Ni neema ya Mungu, na mfugaji mmoja Msudani huja kuuchukua kwa ajili ya kondoo wake. Nilijua hilo. Lakini nilijiambia kwamba kwetu kinachorudi shambani hakijatupwa. Nikaizika mikate yote ndani ya lundo na kuimwagia maji.

Baba ndiye aliyeona, baada ya paka kufukua. Hakupiga kelele. Aliinama na kanzu yake nyeupe, akaokota kipande kilichogandana na ganda la kitunguu, akakipangusa na kukiweka juu ya ukuta. Kisha akaniambia nitoe vyote, na habari ya Jeddah halas, imekwisha. Nililifumua lundo lile nikilia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani, yeye, paka, au mimi mwenyewe.

Laban alinikuta nimekaa juu ya ndoo, mikate imejaa karai.

"Sasa hii inaenda wapi?"

Nikamjibu iende kwa mwenye kondoo, au iende kuzimu.

"Basi tuipeleke sisi. Fridah, ushawahi kujiuliza hao kondoo hulalia nini?"

Alimwomba Baba ruhusa nikamtake mfugaji radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Jambo hilo lilimlainisha Baba kuliko machozi yangu yote. Akasema nikifanya hivyo, ahadi ya madam itabaki palepale. Mfugaji alipokea mikate, akanisikiliza, akacheka, akatufungulia zizi. Chini kulikuwa na mabua ya ngano yaliyokanyagwa na kulaliwa, yamelowa mkojo na samadi, na alikuwa akihangaika pa kuyatupa. Tulijaza pikapu ya Baba mpaka Laban akalalamika kwamba atanuka hata mbele ya mchumba wake.

Safari hii lundo likafukuta. Siku chache baadaye niliingiza mkono nikautoa mbio kama niliyeshika chungu motoni. Baba naye akaja kugusa, akasema mashallah. Nililigeuza, nikalinyunyizia, nikalichungulia hata lisipohitaji kuchunguliwa. Maryann alinipigia simu kuniambia ameshanitandikia godoro chumbani mwake. Kufika mwisho wa Desemba mboji ilikuwa nyeusi, inanukia shamba la kwetu baada ya mvua, na mimi nilikuwa nimefunga begi.

Madam alichota kiganja, akanusa, akawaita majirani. Akasema hajawahi kuona mikono kama yangu. Mimi nilikuwa nangoja neno moja tu.

"Laban ataipeleka Alhamisi," akasema. "Wewe anza lundo la pili, majirani wanaitaka. Nikikuacha uende kwa mama yangu, hatakurudisha."

Nikamkumbusha ahadi yake. Nikamkumbusha Januari.

"Madam, mimi nataka kumwona dada yangu."

Alinitazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, ndiyo maana iliniuma. Akasema mimi na Maryann tutaonana Kenya, inshallah.

Afe punda, mzigo wa bwana ufike. Magunia niliyashona mwenyewe, Laban akayapakia bila utani hata mmoja.

Ijumaa Maryann alinipigia simu ya video kutoka bustanini kwa Hajja. Alikuwa amechutama kando ya gunia, mkono mmoja umezama hadi kiwiko. Alisema bado ina joto. Akaisogeza simu ili nimwone vizuri, kidole chake chenye udongo kikapita juu ya kamera, na nusu ya uso wake ikapotea. Nikaipangusa simu yangu kwa aproni. Nikaipangusa tena, kwa nguvu, mpaka nilipokumbuka kwamba udongo uko Jeddah.