Moshi wa Thacienne

Chungu cha kwanza kilikufa kwa teke, cha pili kwa fimbo. Cha tatu Nzabandora alikiinua kwanza, akakichungulia ndani kama mtu anayemtafutia mwenzake chawa, ndipo akakiachia juu ya jiwe.

"Zima moto," akasema.

Thacienne alikuwa amechuchumaa kando ya moto wake, mkono mmoja umejaa maganda makavu ya ndizi. Hakuinuka.

"Vyungu ulishavunja, Papa. Na moto uivunje weye mwenyewe."

Watu waliokuja nyuma ya Nzabandora, kapita, msimamizi aliyewekwa na wazungu, walinung'unika. Kapita hajibiwi hivyo katika mlima wa Kingi, hasa na mjane, hasa na mjane aliyetoka Pinga. Nzabandora akautia moto teke. Majivu yakaruka, yakamrudia, yakampaka kaputula yake ya kaki, ile aliyopewa na mzungu wa mashamba pamoja na manjanja, mabati ya kuezekea nyumba. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Polycarpe peke yake, ambaye mdomo wake haukuwahi kukaa likizo, alisema, "Kapita, sasa uko na chumvi ya kutosha. Tukutie mu mboga ya sombe."

"Kesho saa nane, kwangu," kapita akamwambia Thacienne. "Mulima wote utakuwa pale. Tutamaliza maneno yako."

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1951, na maneno ya Thacienne yalikuwa haya: moshi wake ulikuwa umeua maharagwe ya Kingi.

Kazi yake ilikuwa majivu. Alikausha maganda ya ndizi, akayachoma polepole, akayajaza katika chungu kilichotobolewa tako na kuzibwa kwa nyasi, akamwagia maji ya kisima, akangoja. Chini yake, katika chungu kizima, yalidondoka maji ya rangi ya chai hafifu, yanayoteleza vidoleni kama sabuni na kuuma ulimi. Alijua ukali wake kwa tone moja tu mdomoni. Ukiyatia kwenye maharagwe yanaiva upesi. Ukiyachemsha mpaka yakauke yanabaki chumvi ya kijivu. Kingi nzima ilipika kwa maji hayo, na Kingi nzima ilimletea mihogo na viazi kwa ajili yake. Mumewe Mbonigaba alipokufa, kazi hiyo ndiyo iliyomfanya asirudi Pinga. Hiyo, na shamba la maharagwe, na kaburi la Mbonigaba lililokuwa katikati ya shamba hilo.

Kisha mbingu ikawa nyeupe.

Mlima Nyamulagira ulikuwa umefunguka. Kila mtu alilijua hilo. Jioni upande wa mashariki palikuwa na wekundu kama jiko la jirani. Lakini Nyamulagira ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, na watu hawagombani na kitu kilicho mbali hivyo. Asubuhi ukungu ulikuja na harufu ya kiberiti kilichowashwa puani. Watoto walikohoa. Mvua ilinyesha, na badala ya kuyafurahisha maharagwe ikayatoboa: majani yakawa na madoa ya kahawia, kama mtu amepita shamba zima akiyazimia sigara, na maua yakaanguka kabla ya kuzaa. Watu wakatazama huku na huku wakitafuta moshi. Wakauona mmoja, mwembamba, unapanda kila siku kutoka ua wa Thacienne.

Aliyekaa darasani na kitabu cha kemia atasema upesi: moshi wa mlima una salfa, salfa hupanda na kukutana na mvua, mvua hushuka ikiwa asidi, na asidi hula kila inachokigusa, jani, koo, hata bati. Atasema pia kwamba majivu ni adui wa asidi, vikikutana vinamalizana nguvu. Vizuri sana, akae. Kingi hapakuwa na kitabu hicho. Palikuwa na kapita, na kapita alikuwa na fimbo.

Siku ya pili, saa nane, ua wa Nzabandora ulijaa. Nyumba yake ndiyo pekee ya manjanja mlimani, mapya, yanayong'aa mpaka kuku wanayaogopa. Chini ya ukingo wa paa lilisimama pipa la chuma la kukingia mvua. Kila Jumapili, watu wakitoka kusali, wamepanda kilima na wana kiu, mke wa kapita aliwachotea kikombe kwa kikombe. Nzabandora aliyaita maji ya mbinguni. Kisima kilikuwa bondeni, kupanda kwake ni nusu saa, kwa hiyo hata wasiompenda kapita waliipenda mbingu yake.

"Mama Thacienne," kapita akaanza, ameketi katika kiti chake cha mikono, "watu wanasema moshi yako njo inaunguza maharagi."

"Watu gani?"

"Miye!" Léontine akasimama. Alikuwa jirani yake wa ua kwa ua. Walikuwa wameshirikiana kinu kimoja miaka sita. "Miye njo nasema. Ukiwasha moto, asubuhi maharagi yangu inakufa. Mutoto wangu anakohoa mpaka anatapika. Na shamba yako? Iko kijani! Shamba ya huyu mwanamuke iko kijani, wandugu, muende muone! Iko pale pale chini ya moshi na iko kijani!"

Sauti zikapanda. "Mulozi!" mtu akatupa kutoka nyuma, na neno likakaa.

"Maharagi yangu iko kijani sababu majivu inaruka inaanguka juu yake," Thacienne akasema. "Mvua inakuja na ukali, inakuta majivu. Mulima njo inatuma ile ukali, haiko miye."

"Mulima iko mbali," Nzabandora akasema. "Moshi yako iko hapa."

Hapo watu walicheka, wakapiga makofi, na kesi ikawa karibu kwisha. Kapita akanyoosha fimbo. "Jumapili, siku ya Mungu, isikukute hapa. Utarudi Pinga kwa watu yako. Shamba itarudia ukoo wa Mbonigaba."

Ukoo wa Mbonigaba ulikuwa nani? Nzabandora, binamu yake. Kila mtu alilijua hilo pia, na kila mtu aliangalia vidole vyake vya miguu.

Thacienne akafungua kitambaa kilichokuwa kiunoni. Ndani yake palikuwa na kibuyu kidogo cha maji ya majivu, cha mwisho kilichopona teke.

"Kabla sijaenda, munipatie mayi. Nusu kibuyu ya kisima, nusu kibuyu ya pipa ya Papa."

"Ya nini?"

"Mwenye kufukuzwa hawezi kuomba mayi?"

Polycarpe, ambaye kwa mchezo angemletea hata shetani kiti, alikuwa amekwisha kwenda. Akaweka vibuyu viwili chini, mbele ya miguu ya kapita. Thacienne akaonja cha pipa kwa ncha ya ulimi, akatema. Mwezi mmoja uliopita Léontine, kwa uvivu wa kushuka kisimani, alikuwa amemletea maji ya pipa ili amchujie majivu, na yalitoka mazito, meupe, ya kumwaga. Siku ile alidhani chungu kilikuwa kichafu. Akakisugua kwa mchanga mpaka mikono ikamuuma. Mara ya pili yalitoka meupe vilevile, na tangu hapo aliacha kukigombeza chungu.

Akamimina maji yake ya majivu kwenye kibuyu cha kisima, matone sita. Hayakufanya kitu. Akamimina sita kwenye kibuyu cha pipa.

Maji yakageuka kuwa maziwa.

Wanawake walirudi nyuma wakikanyagana. "Ametia sumu! Mumeona! Ametia sumu mbele ya macho!"

"Nimetia kitu moja mu vibuyu mbili," Thacienne akasema, sasa kwa hasira. "Kama iko sumu yangu, kisima nayo ingekuwa nyeupe. Ile nyeupe ilikuwa ndani. Mvua ya ukali inalamba manjanja, inashuka nayo mu pipa. Mulikuwa munaikunywa tu. Miye nimeionesha."

"Uchawi," kapita akasema, lakini alikisogeza kiti nyuma kidogo.

Wakangoja. Hakuna aliyesema tungoje, lakini kitu cheupe kinachozama polepole ni vigumu kukiachia macho. Weupe ukashuka, ukalala tako la kibuyu kama unga wa muhogo, na juu yake maji yakabaki meupe kidogo, kisha safi. Thacienne akakiinua bila kukitikisa, akanywa ya juu. Watu wakamtazama koo.

Kwao, anayempa mtu kinywaji hukionja mwenyewe kwanza, iwe pombe, iwe maziwa, iwe maji ya kuoshea mdomo. Mgeni hapokei kikombe ambacho midomo ya mwenyeji haijakigusa. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayelikumbuka mpaka likosekane.

"Nimetangulia kwa kinywaji changu," Thacienne akasema. Akachukua kikombe cha bati cha Jumapili, akakizamisha ndani ya pipa, akakishika kwa mikono miwili kama inavyompasa mtu mwenye adabu. "Sasa weye, Papa. Kila siku ya Mungu unawapa watu. Nani mu hii mulima alishakuona unatangulia?"

Watu wakaanza kukumbuka, na ungeona nyusoni mwao wanavyokumbuka. Nzabandora alikuwa mtu wa kasiksi, pombe ya ndizi. Asubuhi kasiksi, mchana kasiksi, na jioni, kwa ajili ya afya, kasiksi. Hakuna aliyewahi kumuona na maji mdomoni.

"Kapita," Polycarpe akasema kwa upole mkubwa, "mbingu inangoja."

Angeweza kukataa. Lakini ua ulikuwa umejaa, na Léontine naye alikuwa akimtazama, mkono mdomoni. Nzabandora akapokea kikombe. Akanywa chote. Akakirudisha, akajifuta, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha.

"Mumeona?" akasema. "Mayi ni mayi."

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha jasho likamtoka juu ya mdomo, tone kwa tone. Akaupitisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Akaurudisha. Akasimama, akaiweka fimbo kwenye kiti kwa uangalifu mkubwa, akatembea kwa hatua za heshima mpaka nyuma ya migomba, na huko heshima ikamwacha. Walisikia wote.

"Mayi ya mbinguni inarudi kwabo," Polycarpe akasema.

Kicheko kilikuwa kifupi na kibaya, na hakikuwa cha kumpenda Thacienne. Watu walikuwa wanafikiria matumbo yao yaliyowaendesha Jumapili zilizopita. Walitawanyika bila kumuaga. Hakuna aliyesema asiende, hakuna aliyesema aende. Mke wa kapita akaufunika mdomo wa pipa kwa ungo.

Njiani Léontine alimfikia, akampita, kisha akageuka.

"Usifikiri nimekusamehea. Maharagi yangu imekufa."

"Tia majivu juu ya ile imebaki."

"Sikukuuliza."

Asubuhi Thacienne aliamka koo likiwasha, ukungu ukiwa mlangoni na harufu yake ya kiberiti. Akatoka kuangalia kama kuna chungu kinachoweza kuzibwa ufa. Vigae vilikuwepo. Majivu hayakuwepo. Lundo lote la msimu, lenye urefu wa mtoto wa miaka mitano, lilikuwa limechotwa mpaka udongo. Hata yale yaliyomwagika kwa teke la kapita yalikuwa yamefagiwa, na alama za ufagio zikionekana. Nyayo zilikuwa nyingi na za kila ukubwa.

"Wezi," akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua.

Ng'ambo ya ua mtu akakohoa.

Ukungu ulipopanda kidogo aliuona mlima wa Kingi, shamba baada ya shamba, mstari baada ya mstari, na maharagwe yote yaliyobaki yalikuwa ya kijivu kwa majivu, kama wazee waliojipanga kusubiri kitu. Chini kabisa, katika shamba la kapita, mtu mnene mwenye kaputula ya kaki alikuwa ameinama, akinyunyiza kwa mkono, jani kwa jani, mgongo wake ukimwelekea.

Upande wa mashariki wingu lilikuwa zito. Tone la kwanza likampiga mkononi. Thacienne akalionja.

Akaingia ndani, akatoka na maganda makavu, akayapanga chini ya paa la jiko, akapuliza. Moshi ukapanda, mwembamba. Katika shamba la Léontine jembe likasimama. Thacienne akangoja, mashavu yamejaa pumzi. Baada ya muda jembe likaendelea.